Mtindi wa Mpanda na vidonge vya mavyaa

Mnajua kawaida yangu mwezi wa harusi nyingi huandika mambo ya singo, liwa na udi. Leo nimebadilisha, na sababu ni simu niliyopigiwa na binti wa dada yangu, aliyeolewa mwaka jana akachukuliwa kutoka kwetu Unguja mpaka Mpanda, mkoa wa Katavi. Aliniambia: "Khaleti, mavyaa ameacha vidonge vyake vya kolesto. Anasema mtindi unatosha. Nimwambie nini mimi, bi harusi wa juzi?"

Swali hilo limenikaa. Mwanamwali tunamfunda mengi kabla hajatoka, lakini hili la kumwambia mavyaa kwamba amekosea dawa halimo katika mafundisho ya somo yeyote ninayemjua. Nilikuwa nimeshapanga kwenda kumtazama, basi nikajipakia: boti mpaka Dar es Salaam, kisha treni ya reli ya kati mpaka Tabora, kisha behewa la Kaliua hadi Mpanda. Ni safari ndefu hasa. Ilinipa nafasi ya kusoma, na nilichosoma ndicho nitakachowasimulia, kwa sababu habari hii ya mtindi na lehemu, hiyo tunayoiita kolesto, haikuanzia kwenye vichupa vinavyouzwa mitandaoni. Sehemu kubwa ilianzia hapa hapa Tanzania, kwenye vibuyu vya wanawake.

Tuanze na Mpanda yenyewe, maana ukifika leo ukaona madumu ya maziwa yakishushwa kwenye baiskeli asubuhi, utadhani yamekuwapo tangu zama. Hayakuwapo. Nchi ile ni ya miombo, na miombo ni makao ya mbung'o. Mbung'o huwaletea ng'ombe nagana na watu malale. Miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa magharibi mwa Tanganyika kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika porini, ikawakusanya kwenye makazi makubwa ili msitu ufyekwe na malale yapungue. Wenyeji wa sehemu hizo, Wapimbwe, Wakonongo, Wabende na wengine, walikuwa watu wa kulima, kuwinda, kuvua na kurina asali. Ng'ombe walikuwa haba. Bi harusi wa Kipimbwe wa zama hizo angejua asali kuliko mtindi.

Reli ilifika mwaka 1950, tawi lililojengwa kutoka Kaliua kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Baba yake yule mavyaa alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, alikuja na kazi za reli hiyo, na ndiyo sababu nyumba yao iko pale hadi leo. Kisha mwaka 1973 ukafunguliwa Katumba, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, na Mishamo mwaka 1978. Hayo nayapita haraka ingawa yanastahili makala yake.

Maziwa yaliletwa na Wasukuma. Kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea, malisho yalipobana kwao kusini mwa Ziwa Viktoria, wafugaji walianza kuswaga mifugo kuelekea kusini magharibi, Rukwa yote ya zamani, ambayo sehemu yake ya kaskazini ndiyo iliyokatwa mwaka 2012 ikawa mkoa wa Katavi. Mashamba yalifyekwa, pori likafunguka, dawa za mifugo zikapatikana, mbung'o wakarudi nyuma. Pamoja na ng'ombe vilikuja vibuyu. Sitaki kuipamba habari hii, kwa sababu kumekuwa na ugomvi mwingi wa ardhi na hifadhi, watu wameondolewa na mifugo imetaifishwa. Lakini ukiuliza mtindi ulifikaje kwenye meza ya futari ya Mpanda, ulifika kwa miguu ya watu hao.

Na wanawake wa Kisukuma walileta ujuzi mwingine ambao sisi wa pwani tuliufaidi bila kuuona. Maziwa yakishaganda, hutikiswa kwenye kibuyu mpaka siagi ijitenge. Siagi huyeyushwa ikawa samli, na samli ya kanda ya ziwa ilikuwa bidhaa ya kuuzwa tangu enzi za ukoloni. Kinachobaki kibuyuni, maziwa machachu yaliyotolewa mafuta, hunywewa nyumbani. Fikirini basi: sisi mjini tulikuwa tunapikia pilau na kukandia mikate kwa samli, na wenye ng'ombe wakinywa kile kilichobaki. Ukija kwenye habari ya lehemu, sina hakika nani aliyepunjwa.

Sasa tuwaache Wasukuma kwa muda, twende kaskazini kwa Wamasai, maana wanasayansi walikwenda huko.

Mwaka 1964 daktari Mmarekani George Mann, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, pamoja na wenzake, alichapisha uchunguzi wa wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika, na wanawake na watoto kadhaa. Wakati huo Marekani nzima ilikuwa imeingiwa na hofu ya mafuta ya wanyama. Mann mwenyewe alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye uchunguzi maarufu wa moyo wa Framingham. Akawakuta watu ambao chakula chao kikuu ni maziwa, nyama na damu, na mioyo yao haikuonesha dalili za ugonjwa, na lehemu kwenye damu yao ilikuwa chini. Kwa mtu wa zama zile ilikuwa sawa na kumkuta mtu amekaa ndani ya moto na hana hata lengelenge.

Alirudi tena na tena. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitoa majibu ya uchunguzi wa maiti 50 za wanaume wa Kimasai, na hapa ndipo hadithi inapopinda. Mishipa ya damu ya moyo haikuwa misafi. Mafuta yalikuwa yameshika ukutani, na ukuta umenenepa kama wa wazee wa Kimarekani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyokwenda, kwa hiyo damu ilikuwa bado inapita vizuri. Wao walilihusisha jambo hilo na mwendo: watu wale walikuwa wakitembea mchana kutwa maisha yao yote. Shikeni neno hili la mwendo, nitalirudia.

Jaribio lililoanzisha maneno yote ya mtindi na lehemu lilichapishwa mwaka 1974. Mann aliliandika pamoja na Anne Spoerry, daktari wa ndege wa AMREF, yule ambaye watu wengi wa Kenya walimwita Mama Daktari. Jaribio halikuwa la mtindi hata kidogo. Walichukua vijana 24 wa Kimasai ili kupima kama kitu fulani kinachochanganya mafuta na maji, mithili ya sabuni, kikiliwa kitapandisha lehemu. Kundi moja lilipewa hicho kitu, jingine likapewa mafuta ya zeituni tu. Chakula chao wote kilikuwa maziwa yaliyogandishwa kwa bakteria wa asili, tena mengi sana, wakanenepa. Kwa hesabu za kawaida lehemu ingepanda. Ikashuka, kwa makundi yote mawili. Na walionenepa zaidi ndio walioshuka zaidi.

Mann akasema lazima ndani ya maziwa yale mna kitu kinachozuia ini kutengeneza lehemu. Mwaka 1977 akatoa makala nyingine ya majaribio ya mtindi kwa Wamarekani, akadai hivyo hivyo, ila kwa kiasi cha mtindi ambacho mimi na wewe tungekimaliza siku mbili tukakimbia. Mnisamehe, lakini lazima niseme pia kwamba Mann alikuwa na lake jambo. Alikuwa mpinzani mkubwa wa wale waliosema mafuta ya wanyama ndiyo yanayoua, na mtu mwenye lake jambo humsoma kwa tahadhari. Vijana 24 ni wachache. Wote wanaume. Na katika simulizi nzima ya jaribio lile, aliyekamua, aliyekiosha kibuyu na kukifukiza kwa kijinga cha mti wa mzeituni mwitu, aliyejua maziwa yakae siku ngapi, hatajwi. Kwa Wamasai kazi hiyo ni ya mwanamke.

Kuhusu bakteria, tumekuja kujua zaidi baadaye. Mtafiti Mkenya Julius Mathara na wenzake walichapisha mwaka 2004 uchambuzi wa maziwa ya mgando ya Wamasai wa Kenya, yanayoitwa kule naoto. Bakteria waliotawala walikuwa wa jamii ya Lactobacillus, hasa aina ya plantarum. Walipoendelea kuwapima maabara, baadhi yao walikuwa na uwezo wa kuikata chumvi ya nyongo. Hapo ndipo ini linapoingia, na hapo ndipo nilipokaa na mavyaa barazani kwake nikijaribu kumweleza kwa maneno ya jikoni.

Nilimwambia hivi. Ini ni jiko. Lehemu ni mojawapo ya vitu vilivyomo kwenye jiko hilo, na si adui, kwa sababu ini hulitumia kutengeneza nyongo. Nyongo hushuka utumboni kusaidia kusaga mafuta ya chakula, na ikishamaliza kazi karibu yote hurudishwa kwenye ini, kama vile tunavyorudisha sufuria za kuazima baada ya harusi. Sasa bakteria wale wa mtindi, wakifika utumboni wakiwa hai, huikata chumvi ya nyongo. Iliyokatwa hairudi kwa urahisi. Hutoka na choo. Ini linahesabu sufuria zake, linaona zimepungua.

Hapo zinaamka jeni. Jeni ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila chembe ya mwili, na si yote yanayosomwa kila wakati. Mengine hufunguliwa na kufungwa kwa mahitaji. Jeni inayoitwa CYP7A1 ndiyo inayotoa agizo la kugeuza lehemu kuwa nyongo mpya. Utumbo una mjumbe wake anayepeleka habari kwenye ini kwamba nyongo ipo ya kutosha, basi jeni hiyo inapumzika. Nyongo inayorudi ikipungua, mjumbe hunyamaza na jeni huamka. Ini linataka lehemu zaidi ya kutengenezea nyongo, kwa hiyo linafungua milango zaidi ya kuivuta kutoka kwenye damu. Milango hiyo huitwa vipokezi vya LDL, nayo ina jeni yake. Ugunduzi wake uliwapa Michael Brown na Joseph Goldstein, Wamarekani, tuzo ya Nobel mwaka 1985. Lehemu iliyokuwa ikizunguka kwenye mishipa inaingizwa jikoni, na kipimo cha damu kinashuka.

Mavyaa akatikisa kichwa akasema, "Si ndiyo hivyo nilivyosema mimi? Mtindi unaondoa." Akaongeza kwamba maziwa yametajwa ndani ya Qur'ani. Nikasema kweli dada, Sura An-Nahl, aya ya 66, wala sikuja kubishana na hilo. Nilikuja na swali la kiasi gani.

Kwa sababu habari ya jeni niliyomsimulia, sehemu kubwa yake imeonekana kwa panya. Mwaka 2014 watafiti wa Italia waliwalisha panya mchanganyiko wa bakteria rafiki, wakaona mjumbe wa utumbo amepungua sauti na CYP7A1 kwenye ini imeamka. Panya unaweza kumfungua ukalitazama ini lake. Mwanadamu hufunguliwi ini ili kuona mtindi umefanya nini, kwa hiyo kwetu tunabaki na damu. Mwaka 2012 watafiti wa Kanada walitoa majibu ya watu wazima 127 wenye lehemu ya juu, waliomeza kwa wiki tisa vidonge vyenye aina moja maalumu ya bakteria, Lactobacillus reuteri, iliyochaguliwa kwa ajili ya uwezo wake wa kukata nyongo. LDL yao, ile lehemu mbaya, ilishuka kwa karibu asilimia 12 ikilinganishwa na waliopewa vidonge vitupu. Si haba. Lakini ni bakteria mmoja aliyechaguliwa, kwa kipimo kinachojulikana, si jagi la mtindi wa jirani ambalo leo lina bakteria hawa na kesho wale.

Kwamba bakteria mmoja si sawa na mwingine, mfano mzuri uko Mwanza, kwenye nchi ya Wasukuma wenyewe. Mwaka 2004 kinamama wa kikundi cha Tukwamuane, pamoja na taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu NIMR na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, walianza kugandisha na kuuza mtindi wenye bakteria aitwaye rhamnosus GR-1. Lengo lao lilikuwa afya ya tumbo na kinga, hasa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Haukuwa mtindi wa lehemu, na hawakudai hivyo. Ninawapenda kinamama wale kwa uaminifu huo. Ninyi mabiharusi mliotumiwa matangazo ya "probayotiki za kutoa tumbo kabla ya harusi", ulizeni kwanza ni bakteria gani, amepimwa kwa nini, na kwa nani. Mara nyingi muuzaji atakata simu.

Na vidonge je? Hapa nilijifunza jambo ambalo nilimhadithia mavyaa mara mbili, maana lilimchekesha. Dawa alizoziacha, za kundi la statini, zilitokana na ukungu. Mjapani Akira Endo, miaka ile ile ya mwanzo wa 1970 ambapo Mann alikuwa kwenye maboma ya Wamasai, alikuwa Tokyo akipekua maelfu ya aina za ukungu na vimelea vya namna hiyo akitafuta kitu kitakachozuia ini kutengeneza lehemu. Alikipata kwenye ukungu wa jamii ya ule unaotoa penisilini. Statini ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Statini inapozuia ini kupika lehemu yake, ini hushtuka likaamsha jeni za vipokezi vya LDL, milango ile ile. Kwa hiyo mtindi na kidonge vyote vinatoka kwa viumbe wadogo tusiowaona, na vyote vinagonga jiko moja. Tofauti ni nguvu ya kugonga. Statini ya kiasi cha kati hushusha LDL kwa asilimia 30 na zaidi. Ya nguvu hufika nusu.

Mavyaa ana kisukari pia, na kakake alianguka kwa kiharusi mwaka juzi, akabaki kitandani upande mmoja hauna kazi. Mtu wa namna hiyo, asilimia 12 ya bahati na sibu haimtoshi.

Ndipo nikarudi kwenye lile neno la mwendo. Mwaka 2010 Julia Mbalilaki na wenzake walichapisha uchunguzi wa Watanzania 985: Wamasai, wakulima wa vijijini, na watu wa mjini. Wamasai walikuwa wakitumia kwa siku kiasi cha kalori 2,500 juu ya zile ambazo mwili unazihitaji ukiwa umetulia. Wakulima 1,500. Watu wa mjini hawakufika 900. Mavyaa anauza vitenge. Anakaa dukani toka asubuhi hadi adhuhuri, anarudi nyumbani kwa bodaboda, na mtindi wake huutia vijiko vitatu vya sukari. Yule kijana wa Kimasai wa mwaka 1974 hakuwa na sukari wala bodaboda. Ukichukua maziwa yake ukaacha miguu yake, umechukua nusu ya habari, tena ile nusu nyepesi.

Kuna jambo la pili lililonitia hofu zaidi ya lehemu, na hili ni kwa mabiharusi wote mlio bara au mnaopelekewa maziwa mabichi. Mgando wa asili hutengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa eneo la Katavi na Rukwa, na ulikuta alama za brusela kwa ng'ombe, mbuzi, nyati wa porini na kwa watu pia. Wafugaji wanauita ugonjwa wa kutupa mimba, kwa sababu ng'ombe huharibu mimba. Kwa binadamu huleta homa za kuja na kurudi, maumivu ya viungo, na mjamzito naye anaweza kupoteza mimba. Uchachu wa mtindi hautoshi kuuamini uue mdudu huyo. Na binti yetu, alhamdulillah, ana miezi minne.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza pale haikuwa hotuba, ilikuwa sufuria. Tulinunua lita tatu, tukayachemsha hadi yakafura, tukayaacha yapoe mpaka kidole kikivumilia uvuguvugu bila taabu. Ukiyachemsha unawaua pia bakteria wa kugandisha, kwa hiyo lazima uwarudishe. Tulitumia vijiko viwili vya mtindi wa pakiti wa dukani, uliotengenezwa kwa maziwa yaliyopikwa na usiotiwa sukari, tukakoroga, tukafunika kwa kitambaa, tukauweka usiku kucha ndani ya kikapu kilichozungushiwa kanga nzito. Asubuhi ulikuwa umeganda vizuri. Mavyaa akauonja, akasema ni mpole mno, hauna moshi wa kibuyu. Nikakubali. Ni kweli hauna, na ladha ile ni kitu nitakachokikumbuka. Lakini akaunywa, kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu, na karanga kidogo juu.

Kuhusu vidonge sikumwambia mimi, wala binti. Nilijua tukisema sisi itakuwa bi harusi na khaleti yake wa Unguja wamekuja kumfundisha mwenye nyumba. Alimwambia mwanawe, na hata yeye hakusema "rudi kunywa." Alimwomba waende pamoja kwa daktari wakapime tena, na akamwomba amweleze daktari habari yote ya mtindi bila kuficha. Kumbe alikuwa ameacha vidonge kwa sababu vilikuwa vinamuuma misuli ya mapaja, akaona aibu kusema, na mtindi ukawa kisingizio kizuri. Maumivu ya namna hiyo daktari huyajua, na kuna kubadilisha dawa au kupunguza kipimo. Wiki zote zile tulidhani ugomvi ni wa imani ya mtindi.

Nilipoondoka alikuwa na kidonge kingine, cha usiku, na kipimo cha damu kimepangwa baada ya miezi mitatu. Alasiri hutembea mpaka stesheni na kurudi, yeye na binti, taratibu kwa sababu ya ile mimba. Siku ya mwisho aliniuliza: wale vijana wa Kimasai waliopimwa, mtindi wao nani aliugandisha? Nikamwambia hawakuandika jina. Akanyamaza kidogo, kisha akamwita binti aje aangalie kama maziwa ya kesho yameshapoa.